Watoto wa Rajabu, watoto wa Aprili

Mei 21, 2008 kisiwa cha Unguja kiliingia gizani. Njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara ilipata hitilafu, na kwa karibu mwezi mzima, hadi Juni 18, wenye jenereta walizingurumisha na wasio nazo wakarudi kwenye kandili na vibatari. Wenye hoteli walihesabu hasara. Wauza samaki walihangaikia barafu. Maji ya bomba yakawa ya kuviziwa, maana pampu nazo hula umeme. Hayo yalijulikana palepale. Lililochelewa kujulikana ni kwamba, kati ya mwezi wa nane na wa kumi tangu giza lile, kisiwani walizaliwa watoto wengi kuliko kawaida.

Aliyeligundua ni mchumi, Alfredo Burlando wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la Demography. Alipitia kumbukumbu za uzazi za Zanzibar akalinganisha kijiji na kijiji. Vile ambavyo nguzo za umeme hazijafika havikubadilika. Vyenye umeme vilizaa zaidi, na hapa ndipo penye utamu: ongezeko lilikaribia kuwa sawa katika vijiji ambavyo nyumba nyingi zina umeme na katika vile ambavyo ni nyumba chache tu zilizounganishwa. Kumbe hata familia ambayo haijawahi kulipia umeme iliguswa na kukatika kwake.

Mtu wa Unguja hatashangaa sana. Televisheni moja ya barazani hutazamwa na mtaa mzima, na duka lenye taa ndilo kijiwe. Siku hiyohiyo ya Mei 21 Manchester United na Chelsea walikuwa Moscow wakicheza fainali ya klabu bingwa Ulaya, na mashindano ya mataifa ya Ulaya yalianza Juni 7, giza likiwa bado limetanda. Taa moja ikizimika kijijini, wanaume wengi hukosa sababu ya kukawia kurudi nyumbani.

Hadithi za namna hii zinapendwa, na nyingine ni uongo mtupu. Novemba 9, 1965 umeme ulikatika New York na sehemu kubwa ya kaskazini mashariki ya Marekani kwa usiku mmoja. Agosti iliyofuata, New York Times liliandika kwamba hospitali za jiji zimepata ongezeko la wazazi, na dunia ikacheka. Mwaka 1970 J. Richard Udry, mtaalamu wa demografia, alizichukua takwimu zenyewe akazipanga na za miaka iliyotangulia. Hakukuta ongezeko lolote. Na ukitulia ukafikiri, lingeonekana vipi? Tangu mimba itungwe hadi mtoto azaliwe ni wastani wa siku 266, lakini huo ni wastani tu. Kuna wanaotangulia wiki mbili na kuna wanaochelewa wiki moja, kwa hiyo watoto wa usiku mmoja hutawanyika katika mwezi mzima na kupotea katikati ya wenzao. Isitoshe, Agosti na Septemba ni miezi ambayo Marekani huzaa sana kila mwaka, umeme uwepo usiwepo. Aliyekwenda wodini Agosti 1966 kutafuta watoto wa giza alikuta watoto wa msimu.

Ni huo msimu ninaotaka tuuzungumze. Nyumbu wa Serengeti hawana siri: karibu wote huzaa ndani ya wiki chache, mwanzoni mwa mwaka, kwenye nyanda za Ndutu, majani yakiwa mabichi. Binadamu huzaa mwaka mzima, ndiyo maana tunadhani hana msimu. Lakini kila palipowekwa daftari la uzazi kwa uangalifu, miezi haikulingana. Daktari Mfaransa Louis-René Villermé alilionyesha hilo mwaka 1831, baada ya kukusanya kumbukumbu za mamilioni ya watoto, wakati Adolphe Quetelet wa Ubelgiji naye akifanya hesabu za aina hiyohiyo. Orodha ya Villermé ya mambo yanayosukuma mimba mbele au nyuma inasomeka kana kwamba iliandikwa juzi: jua na majira, wingi wa chakula, misimu ya ndoa, homa za kwenye mabwawa, na mfungo wa Kwaresima.

Ulaya na Amerika ya Kaskazini ubishi wao mkubwa umekuwa kuhusu jua na joto. Wajerumani Till Roenneberg na Jürgen Aschoff, mwaka 1990, walikusanya takwimu za uzazi za miezi kutoka maeneo 166 ya dunia, wakasema urefu wa mchana na kiwango cha joto vina mkono katika jambo hili, na kwamba mkono wa jua umekuwa ukilegea kadiri watu wanavyohamia viwandani na kuishi chini ya taa. Mwaka 2014 Micaela Martinez-Bakker na wenzake walionyesha kuwa ndani ya Marekani kwenyewe kilele cha uzazi husogea kadiri unavyoshuka: majimbo ya kaskazini hukipata katikati ya mwaka, ya kusini hukipata vuli yao, Oktoba na Novemba.

Joto nalo lina kesi yake. Kusini mwa Marekani watoto huwa wachache Aprili na Mei, yaani miezi tisa baada ya Julai na Agosti za kuunguza. Mwaka 1990 Richard Levine na wenzake walipima mbegu za wanaume wafanyao kazi nje huko San Antonio, Texas, wakaona ubora wake hushuka kiangazi. Alan Barreca, Olivier Deschenes na Melanie Guldi wakaja na hesabu ndefu zaidi, tangu 1931 hadi 2010: siku ambazo wastani wa joto huzidi nyuzi 27 hivi hupunguza watoto wanaozaliwa miezi minane hadi kumi baadaye. Sehemu ya upungufu hufidiwa miezi inayofuata, na kiyoyozi kilipoenea majumbani athari ilipungua. Mkazi wa Dar es Salaam anayelala Februari chini ya pangaboi linalosukuma hewa ya moto kutoka kona moja hadi nyingine hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Waingereza wana maelezo mepesi. Ofisi yao ya takwimu ilipotazama miongo miwili hadi 2014, siku iliyoongoza kwa kuzaliwa watu England na Wales ilikuwa Septemba 26, wiki 39 hivi baada ya Krismasi. Siku ya mwisho kabisa ilikuwa Desemba 26, kwa sababu hakuna daktari anayepanga upasuaji siku ya mapumziko kama anaweza kuuweka siku nyingine. Nasi tunao Wachaga, ambao utani wa nchi nzima unasema Desemba lazima wapande Moshi kuhesabiwa. Hesabu miezi tisa mbele kisha ucheke mwenyewe.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu hapa ndipo swali la jua linapokwama. Stockholm mchana wa Juni unapita saa 18 na wa Desemba ni saa sita tu. Dar es Salaam, tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa moja, na Nairobi au Kampala huwezi kuiona bila saa mkononi. Kama jua ndilo lingekuwa saa ya uzazi, watu wa Ikweta tungezaa sawasawa mwezi hata mwezi. Hatufanyi hivyo. Audrey Dorélien, aliyechambua mwaka 2016 takwimu za tafiti za kitaifa za afya na uzazi katika nchi za kusini mwa Sahara, alikuta nyingi zina misimu ya uzazi iliyo wazi, na kila nchi na kila ukanda una msimu wake.

Kwa maoni yangu utafiti unaostahili kusomwa kuliko wote ni wa msitu wa Ituri, kaskazini mashariki ya Congo. Miaka ya 1980 Robert Bailey, Peter Ellison na wenzao waliishi na kufanya kazi kati ya jamii mbili zinazokaa jirani msituni humo. Walese ni wakulima: hufyeka, huchoma, hupanda mihogo, ndizi, karanga na mpunga, na kabla ya mavuno hupitia miezi ya upungufu. Waefe ni wawindaji na warina asali, ambao hupata mazao ya Walese kwa kubadilishana na nyama na kazi, lakini hawayategemei mashamba kama majirani zao. Mvua ni ileile na mchana ni uleule. Walese walikuwa na msimu wa uzazi, Waefe hawakuwa nao.

Watafiti hawakuishia kuhesabu watoto. Waliwapima wanawake wa Kilese uzito mara kwa mara na kuchukua mate yao, kwa kuwa mate hubeba alama ya homoni ya projesteroni ambayo ovari huitoa yai linapokuwa limepevuka. Miezi ya upungufu uzito ulishuka, homoni ikashuka, na mimba zikapungua. Mavuno yalipoingia, vyote vikapanda. Hawa hawakuwa watu waliokuwa wakifa njaa. Walipungua kidogo tu, kiasi ambacho shangazi angekitaja katika salamu kisha aendelee na mengine. Ellison aliyatumia maisha yake ya kazi kuonyesha kwamba ovari ni kama mama mwenye nyumba anayechungulia ghala kabla ya kukubali mgeni wa miezi tisa: haangalii kilichomo tu, anaangalia pia kama kinaongezeka au kinapungua.

Waturkana wa kuhamahama kaskazini mwa Kenya wametoa picha kali zaidi. Paul Leslie na Peggy Fry waliandika mwaka 1989 kwamba zaidi ya nusu ya watoto wao huzaliwa kati ya Machi na Juni. Rudisha hesabu nyuma na utaangukia kipindi cha baada ya mvua kubwa, mifugo imeshiba, maziwa yapo, na familia zilizokuwa zimegawana mifugo ili kuinusuru na ukame zimekutana tena. Hilo la kukutana lisidharauliwe. Tunapenda kuzungumza habari za homoni tukasahau kwamba mimba inahitaji watu wawili wawe mahali pamoja.

Ukiisoma Ituri na Turkana, huwezi kuacha kuifikiria mikoa yetu yenye mvua za msimu mmoja: Dodoma, Singida, Tabora, Shinyanga. Mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Mavuno ni Mei hadi Julai. Ndipo ghala linajaa, ng'ombe wa mahari wanapatikana, barabara zinapitika, na harusi zinafungwa. Hata ngoma za Wasukuma za Bulabo pale Bujora ni za Juni. Mimba iliyotungwa Julai, wakati mwili umetulia na jungu halikosi kitu, itafikia miezi yake mizito Januari hadi Machi. Hiyo ni miezi ya palizi. Ndiyo pia miezi ambayo debe la mahindi huwa ghali kuliko wakati wowote, kwa sababu ya mwaka jana yamekwisha na ya mwaka huu yako shambani. Kisha mtoto anakuja Aprili, mito imejaa, mbu wameongezeka, na bodaboda anamwambia mume wa mjamzito kwamba daraja halipitiki.

Msimu unaorahisisha kutunga mimba ndio unaompeleka mama kujifungua wakati mgumu kuliko yote. Wakunga wa vijijini wanalijua hilo kwa mazoea, ndiyo maana zipo zile nyumba za kusubiria kujifungua karibu na vituo vya afya, ambazo sehemu nyingine huitwa chigonela. Godoro moja la ziada katika nyumba hiyo mwezi Aprili lina thamani kuliko matatu mwezi Septemba, na sioni kwa nini bajeti iyagawe sawasawa kwa mwaka mzima.

Kuzaliwa katika msimu mbaya kunaweza kumfuata mtu hadi ukubwani, ingawa hapa nitakanyaga taratibu. Katika vijiji vya Keneba na jirani zake nchini Gambia, kumbukumbu za uzazi na vifo zimewekwa tangu 1949, zilipoanzishwa na daktari Ian McGregor. Mwaka 1997 Sophie Moore na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba watu waliozaliwa miezi ya njaa walikabiliwa na hatari ya kufa mapema, baada ya kupita utoto, hadi mara 10 ya wale waliozaliwa miezi ya mavuno. Ni matokeo ya kutisha. Watafiti walipoyatafuta Senegal na huko Matlab, Bangladesh, hawakuyapata. Kwa hiyo mtoto wako wa Aprili asikukoseshe usingizi. Uzito wa kilo ngapi alizaliwa nao na kama alinyonya vizuri ni maswali ya maana zaidi kuliko mwezi.

Lipo jambo moja la pwani ambalo wataalamu wa mbali huligusa juujuu. Miezi tisa ya mwezi mwandamo ni siku 266 hivi, sawa kabisa na ule wastani wa safari ya mimba. Mhesabu wa zamani wa Lamu au Pemba aliyeanzia Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, alifika Rajabu bila kupiga hesabu ya kuongeza wala kupunguza. Harusi za Shaabani, zile za kuharakishwa pamoja na vunja jungu kabla mfungo haujaingia, zinaelekea Mfunguo Nane. Na kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa jua, inazunguka majira yote katika miaka 33: mara iko kwenye masika, mara kwenye kaskazi, mara kwenye kipupwe. Hakuna kipimo kizuri kama hicho. Uzazi ukifuata Idi popote inapokwenda, si jua wala mavuno yanayoweza kudai sifa.

Mwaka 2017 Ian Wood, Joana Gonçalves-Sá na wenzao walilijaribu hilo kwa njia ya kuchekesha: walipima watu wa nchi karibu 130 walivyotafuta mambo ya mapenzi kwenye Google. Nchi za Kikristo zilipanda wakati wa Krismasi, iwe Desemba kwao ni theluji au ni jua la kusini mwa dunia. Nchi za Kiislamu zilishuka Ramadhani na kupanda Idi, tarehe ikihama nazo zikihama. Mawimbi hayo yakaoana na ya uzazi miezi tisa baadaye. Watafiti wakahitimisha kwamba sikukuu yenyewe, ule moyo wa watu wakiwa pamoja wameshiba na hawana kazi kesho, ndiyo inayosukuma. Mimi ningeongeza kwamba katika maelezo hayo ya sikukuu, shibe na kuwa pamoja ni yaleyale ya Ituri na Turkana, yamevaa kanzu mpya.

Kuna ugonjwa mmoja unaoufaidi msimu wa uzazi kimyakimya: surua. Mtoto huzaliwa na kinga ya mama ambayo hufifia baada ya miezi, na chanjo ya kwanza hutolewa akiwa na miezi tisa. Watoto wakizaliwa wengi kwa pamoja, kinga yao huisha kwa pamoja, na kama wakati huo unagongana na majira ambayo surua husambaa, mlipuko hupata kuni kavu. Dorélien, Sebastien Ballesteros na Bryan Grenfell walilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 2013 wakitumia mifano ya kusini mwa Sahara. Anayepanga kampeni ya chanjo bila kutazama mwezi wa kuzaliwa watoto anapanga nusu ya kampeni.

Kikwazo ni kumbukumbu. Wazee wetu walizaliwa mwaka wa njaa, au wakati wa operesheni vijiji, au Vita vya Kagera vikianza. Kina Okoth, Wambua, Mabula na Kiprop wamebeba mvua katika majina yao, na kwa swali letu jina hilo ni ushahidi bora kuliko cheti kilichoandikwa kwa kukisia. Wakongo na Wasomali wengi waliohamishiwa Marekani na Canada kutoka makambini wana hati zinazosema walizaliwa Januari mosi. Mtafiti asiye mwangalifu atadhani kuna sherehe kubwa Aprili.

Lakini kwa watoto wa leo mambo ni mepesi zaidi. Kila kituo cha kutolea huduma za afya Tanzania kina rejesta ya wodi ya wazazi ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, yenye tarehe ya kila mtoto na uzito wake. Muuguzi mwenye daftari na kikokotoo anaweza kuchora msimu wa kata yake kwa kumbukumbu za miaka mitano au sita. Awatenge waliozaliwa kwa upasuaji wa tarehe ya kupangwa. Asilinganishe miezi kwa jumla tupu, agawe kwa idadi ya siku, maana Februari inakosa karibu asilimia 10 ya siku za Januari, na pengo hilo linatosha kuficha msimu wa kweli au kuzua wa uongo. Kwa kata za pwani atengeneze jedwali la pili la miezi ya Kiislamu, kwa sababu Mfunguo Mosi ukipangwa ndani ya Januari hadi Desemba utahama kila mwaka na kujifuta wenyewe. Kisha karatasi hiyo imfikie mganga mkuu wa wilaya kabla hajasaini likizo za wakunga za mwezi Aprili.